Mwaka Ambao Mama Gati Alinikataza Kula

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza tena duniani. Nimerushwa na umeme wa kuchomelea mara mbili, nikaamka, nikamaliza kazi na nikadai malipo yangu kamili. Nimeona mto wetu hapa Migori ukibeba paa nililolipigilia misumari mwenyewe. Nimeketi meza moja na watu wa digrii, mimi na darasa langu la tano, na wakati wa kuondoka wao ndio walioninong'oneza kuomba nauli. Kwa hivyo mwezi uliopita, tulipokuwa tunamzika Mama Gati kwao Kuria, karibu na mpaka, kijana mmoja mwenye tai na kadi ya jina kifuani aliposimama akasema kwamba chess ililetwa Migori na Homa Bay na mradi wake yeye, na kwamba marehemu alikuwa shabiki mzuri aliyependa kutazama, sikushangaa. Nilikasirika. Nilinyoosha mkono nipewe kipaza sauti, mwongozaji wa shughuli akaniambia ratiba imefungwa, mzee, mvua inakuja. Haya. Mvua ilikuja na ikaenda. Hapa nilipo karatasi hainyeshewi, na nitasema yote niliyonyimwa kusema.

Lakini kwanza nilimfuata yule kijana kwenye foleni ya chakula, kila mmoja na sahani yake ya wali na maharagwe, nikamuuliza kwa upole anafundisha vipi. Akafurahi. Akaniambia ana video, ana vitabu vilivyochapishwa vizuri, ana madaraja matano, na kila daraja lina cheti chake. Nikamuuliza mwanafunzi wake akishindwa mchezo humwambia nini. Akasema, "Tunamtia moyo, mzee. Tunamsongesha kwa somo linalofuata." Hapo nikajua sihitaji kuuliza lingine. Mwanafunzi ameanguka shimoni, na mwalimu anamwambia pole sana, twende tukaone daraja. Mimi sina cheti cha chess wala cha kitu kingine chochote. Nina karakana tatu za kuchomelea, mageti yangu yamesimama kuanzia hapa hadi Rongo, na kila Jumapili alasiri watu hukaa kwenye karakana yangu kubwa wakicheza, wakubwa kwa wadogo, na wanaendelea kuwa wazuri mbele ya macho yangu. Nilichowapa nilikipata kwa mama mmoja mshonaji, mjini Homa Bay, katika mwaka mmoja, na mwaka huo ndio nausimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa mfalme wa drafti Migori nzima. Hilo silisemi kwa majivuno, wapo watu hai watakaothibitisha. Tulicheza kwenye baraza ya duka lililofungwa karibu na soko, vifuniko vya soda upande mmoja na vya bia upande mwingine, na watu waliacha mizigo yao kwenye mikokoteni waje kuona nikimnyamazisha mtu. Asiyejua drafti yetu ni lazima aelewe sheria moja: ukiona cha kula, lazima ule. Usipokula, mwenzako anaiokota kete yako kama faini na baraza nzima inakucheka. Kwa hiyo ujanja wote wa drafti ni kumlazimisha mwenzako ale asichotaka. Na mkono wa mchezaji wa drafti hausubiri kichwa. Ukiona, unakula, unaigonga kete mezani, pa. Mimi mkono wangu ulikuwa na mbio kuliko mikono yote niliyowahi kuiona, na niliuringia.

Mwaka huo fundi aliyeniajiri alipata kazi Homa Bay, kuweka vyuma vya madirisha kwenye chumba cha nyuma cha jumba moja la mikutano, akanituma mimi. Chumba chenyewe kilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, harufu ya popo darini, viti ambavyo hakuna viwili vilivyofanana, na ubao mweusi ukutani. Jumapili ya kwanza nikiwa juu ya ngazi nje ya dirisha, wakaingia watu kama kumi, wamevaa nguo za kanisani, wakapanga mbao za miraba. Niliona miraba, moyo ukacheka. Nikasema hawa ni chakula changu. Ndani alikuwamo Bwana Ogola, karani mkubwa wa ofisi moja ya ardhi, mwenye miwani ya kamba na kitabu kinene cha Kiingereza ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukishika. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Nikamsikia akimwambia mtu, bila kupunguza sauti, kwamba afadhali madirisha yafungwe upesi maana mafundi wamekodoa macho. Yule mwingine akasema pengine fundi anataka kujifunza. Ogola akacheka. "Yule? Yule ni mikono tu. Kichwa alikiacha darasa la nne."

Lilikuwa la tano. Nilishuka kwenye ngazi na glavu zangu, nikaingia, nikamwambia naitwa Omondi na nataka kucheza na yeye, si na mwingine. Wakanionyesha kwa dakika kumi kila kete inavyotembea: ngome moja kwa moja, askofu kimshazari, farasi anaruka kama mlevi, askari mbele hatua moja moja, na mfalme ndiye roho ya mchezo, akifungwa akakosa pa kwenda, umekwisha. Tukaanza. Ogola alinitupia askari, nikala. Akanitupia mwingine, nikala. Nilikula askari watatu, farasi na askofu mmoja, nikawa natafuta tu chumvi, halafu akasogeza malkia wake taratibu kwa kidole kimoja na kusema mfalme wako amefungwa. Nilitazama ubao kwa muda mrefu. Nilikuwa na mali nyingi na nimekufa. Watu walicheka, na Ogola akasema, "Omondi, huu si mchezo wa tumbo." Nakiri hapa, mara moja tu na sitarudia, kwamba masikio yangu yalipata moto.

Kazi ya madirisha iliisha kwa wiki mbili, lakini nilimwomba fundi wangu aniache Homa Bay kwenye vibarua vingine vilivyokuwapo. Nilipanga chumba nyuma ya wauza samaki, harufu ya omena ikalala nami kitanda kimoja, na kila Jumapili nilikuwa wa kwanza mlangoni. Ogola alifundisha hivi: alisimama ubaoni na chaki kwa saa nzima na nusu akisoma kutoka kitabu chake jinsi ya kuanza mchezo. Hatua ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi na mbili, kila mwanzo na jina la mji au mtu wa Ulaya. Sisi tulinakili. Aliyenakili bila kukosea alisifiwa, na aliyesifiwa zaidi alikuwa Felix, mpwa wake, kijana mpole wa sekondari aliyejua mianzo yote kwa moyo kama sala. Baada ya hapo Ogola alicheza na mmoja wetu mbele ya wengine, akamshinda, akasema unaona. Hatukuona. Nilikaa Jumapili sita katika darasa lile, nikajaza daftari zima, na nilikuwa nashindwa vilevile kama siku niliyoshuka kwenye ngazi, tofauti ikiwa kwamba sasa nilijua jina la mji nilimofia.

Pale dirishani, upande wa mwanga, alikaa mwanamke mmoja wa makamo, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimekazwa sawasawa, na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni hata Jumapili. Huyo ndiye Mama Gati. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, Mkuria, Msabato wa kweli kweli, na alijifunza chess akiwa msichana kwenye misheni moja alikokuwa akishona mapazia, kwa bruda aliyetengeneza jenereta. Hakunakili kitu. Ogola akimaliza na kuondoka, ndipo wachache walivuta viti kwake wakamwonyesha michezo waliyoshindwa. Nesi mmoja wa hospitali, Sista Awuor, ndiye aliyenisukuma. Akaniambia nikitaka kupona nimwonyeshe Mama Gati kidonda, niache kumwonyesha Ogola misuli. Nikaenda, nimevimba. Mama Gati akaniuliza nilishindwa wapi katika mchezo wa siku hiyo. Nikasema mwishoni, mfalme alipofungwa.

"Hapana," akasema. "Hapo ulizikwa. Nimeuliza ulikufa wapi."

Sikukumbuka hatua zangu mwenyewe. Akaniambia nikizikumbuka nimpelekee dukani. Dukani kwenyewe kulikuwa kibanda cha mabati kwenye barabara ya kuteremkia ziwani, sketi za buluu na kaptura za khaki zimetundikwa hadi mlangoni, cherehani ya kukanyaga katikati, na ubao wa chess juu ya kigoda. Nilimwendea kila siku baada ya kazi, isipokuwa Jumamosi, jua likiwa bado juu, na jambo la kwanza alilonifanyia ni kunipokonya mali. Alichukua kete zote akazitia kwenye kopo la vifungo, akaacha wafalme wawili na askari mmoja tu. Wiki tatu nilicheza hivyo. Nilinung'unika kwamba nimekuja kujifunza vita na yeye ananipa mtu na mbuzi wake. Aliendelea kushona. Lakini ukiwa na kete tatu tu ubaoni huna pa kujificha, kila kosa linaonekana lilikotoka, na mwisho wa wiki ya tatu nilianza, kwa mara ya kwanza maishani, kuona hatua tano mbele bila kugusa kitu.

Alivyofundisha ni hivi, na kijana wa tai asome polepole. Yeye alishona. Mimi nilikalia mikono yangu, nikikaa juu yake kabisa, na kabla ya kucheza nilitakiwa kusema kwa sauti mwenzangu anataka nini. Nikisema sawa, cherehani iliendelea kulia. Nikisema upuuzi, alisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. Basi. Hakunipa jibu, hakunisahihisha, hakuguna. Nilibaki na ule ukimya na ubao wangu hadi nipate neno lililofanya mguu wake uanze tena. Siku nyingine ukimya ulidumu hadi mteja akaja akachukua sare yake akaondoka. Sijui kama mnaelewa uzito wake. Ogola alikuwa akinipa majibu ya maswali nisiyokuwa nayo, na huyu mama aliniachia swali hadi likawa langu, na nikishalipata jibu hapakuwa na mtu duniani wa kunipokonya.

Daftari pia alinibadilishia. Katika lile jipya niliandika michezo niliyoshindwa tu, hatua kwa hatua, kwa mwandiko wangu wa darasa la tano. Nilipomletea mmoja niliomshinda nesi, nikiwa nimejaa kifua, alilifunga. Akasema ushindi nikawaonyeshe wasichana. Tulipofikisha michezo kumi na minne alinipa penseli ya fundi nguo nitie alama pale nilipofia katika kila mmoja. Nikatia. Akaniuliza naona nini. Nikaona, na sikupenda. Katika kumi na moja kati ya hiyo nilikufa nikiwa nakula. Mtu kaniwekea kitu, mkono wa drafti umeruka, pa. Hapo ndipo alipotoa amri iliyoupa mwaka huo jina lake: mwezi mzima nisile kete yoyote mpaka niseme kwanza sababu mbili za kutoila. Nikamwambia hiyo ni dini mpya. Akavuta uzi kwa meno.

"Nyinyi watu wa ziwa," akasema, "mkiona kinaelea mnatia mdomoni. Kaa na njaa kidogo, Omondi."

Sista Awuor hakupewa amri hiyo. Yeye alikuwa mwoga wa kubadilishana, analea kete zake kama watoto wa wodi, basi aliamriwa abadilishane kila kinachobadilishika hadi woga umtoke. Watu wawili, kibanda kimoja, wiki ileile, dawa zinazopingana, na sote tulipona. Ukinionyesha kitabu chenye madaraja matano kinachoweza kufanya hivyo, nitakichomelea sanduku la chuma bure.

Katika mwezi huo wa njaa niliamua kumshukuru. Nikanunua mumi mkubwa aliyekaushwa kwa moshi, mweusi anayeng'aa, wa kunyamazisha nyumba yoyote ya Kijaluo, nikampelekea nimemfunga kwenye gazeti. Alifungua, akatazama, akafunga taratibu. Akaniuliza kama ziwa limeishiwa samaki wenye magamba. Nilikuwa nimekaa na Msabato miezi minne na sijui kwamba samaki asiye na magamba haingii mdomoni mwake. Jirani yake muuza viatu alimla yule mumi kwa siku tatu huku akinisifu kwa jina. Mama Gati alinipakulia uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, maana chai pia hakunywa, tukanywa, na akasema kwamba hata zawadi inafaa kuuliza mwenzako anataka nini. Nikajua somo limeendelea.

Sasa nisimulie kosa langu, ambalo sikulifanyia ubaoni. Kufikia wakati huo watu wa Jumapili walikuwa wanachelewa makusudi. Walikuja Ogola akimalizia kitabu chake, wakamngoja aondoke, wakavuta viti dirishani. Ogola hakuwa mjinga. Jumapili moja alikunja kitabu akatangaza kwamba chumba kina ufunguo mmoja na mwalimu mmoja, na kwamba mtu asiyeweza kusoma hata jina la mwanzo wa mchezo asiwapotoshe wengine. Mama Gati alikuwa akikunja tepu yake. Angenyamaza na mambo yangepita. Lakini mimi nilisimama. Nikasema mbele ya wote kwamba mwanafunzi yeyote wa Mama Gati atamshinda mwanafunzi yeyote wa Ogola, siku yoyote, na kwamba kama si hivyo basi mama hatafundisha tena katika chumba kile. Kwa nini niliongeza hilo la mwisho sijui, nadhani lilinoga mdomoni. Ogola alilidaka kabla halijaanguka. Akasema Felix dhidi ya Omondi, mchezo mmoja, atakayeshinda mwalimu wake abaki na ufunguo na ubao, mwingine akae kimya kama wanafunzi. Na siku akaitaja yeye: baada ya wiki mbili, Jumamosi, saa nane.

Jumamosi. Alijua vizuri sana Mama Gati angekuwa wapi Jumamosi.

Njiani kuelekea kibandani nilikuwa nikimweleza jinsi nitakavyomkunja Felix kama bati. Alitembea hadi mlangoni, akafungua kufuli, akageuka.

"Umeniweka rehani bila kuniuliza," akasema. Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono. "Kichwa changu ni chako sasa, kitunze. Na Jumamosi mimi nitakuwa kanisani, sitabadilisha Sabato kwa ajili ya mbao."

Wiki mbili hizo nilifanya kazi kama sijawahi. Ile nafasi ya dirishani haikuwa mchezo kwake. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba wiki nzima alikuwa mama wa kupunguza viuno vya kaptura, na Jumapili, kwa muda wa saa moja na nusu, alikuwa mtu ambaye watu wenye kazi za ofisi walimngojea azungumze. Nilikuwa nimeuchukua muda huo nikauweka mezani kama kifuniko cha soda. Kwa hiyo nilikalia mikono hadi ikafa ganzi. Nilizisema nia za Felix kwa sauti nikichomelea, hadi fundi mwenzangu akauliza kama nimeokoka. Na Jumamosi ilipofika, chumba kilijaa, popo juu, vyuma vyangu mwenyewe madirishani, nikaketi mbele ya yule kijana nikiwa tayari.

Na nilimcheza. Wallahi nilimcheza. Hatua zake kumi na mbili za kwanza zilitoka kama maji ya bomba, harakaharaka, za kitabuni. Ya kumi na tatu nilicheza kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho, akasimama kama mtu aliyeteremshwa mahali asipopajua. Kuanzia hapo nilimfinya. Kila alichotaka nilikuwa nimekisema moyoni kabla. Nilikuwa na askari wawili zaidi, malkia wangu akilinda mstari wa nyuma alikosimama mfalme wangu, na mfalme mwenyewe ametulia nyuma ya askari wake watatu. Kilichobaki ilikuwa kumsogezea askari mmoja mbele apate pa kupumulia, na mchezo ungeisha wenyewe. Niliinua macho nikaona Ogola amevua miwani anaifuta. Nikaona watu wananitazama jinsi baraza ya Migori ilivyokuwa ikinitazama. Ndipo Felix akasogeza ngome yake, akaiacha wazi kabisa, bila mlinzi, mbele ya malkia wangu.

Sikusema sababu mbili. Sikusema hata moja. Nilisikia pa, nikaona ni mkono wangu, na ngome ya Felix ilikuwa kiganjani. Felix aliutazama ubao kwa muda, uso umemwiva, nadhani alikuwa karibu kulia kwa kupoteza ngome. Kisha polepole sana macho yake yakafunguka. Akachukua ngome yake ya pili akaiteremsha hadi mstari wangu wa nyuma, ambao malkia alikuwa ameuacha akaenda kula. Mfalme wangu hakuwa na pa kwenda, askari wake watatu wamemziba kama vyuma vya dirisha. Mimi, fundi wa vyuma vya madirisha.

Ogola alipiga makofi. Nilitoka nikatembea hadi ziwani nikakaa hadi jua likakaribia kuzama, kisha nikaenda kumwambia Mama Gati mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine, nikamkuta anatoka kanisani na Biblia mkononi. Nilimwambia nimekula. Akasema kesho nije na daftari, na nivae shati safi.

Jumapili Ogola alianza kwa kutangaza matokeo na kumwomba Mama Gati akae na wanafunzi. Akakaa. Halafu akanyoosha mkono kama mwanafunzi yeyote, akasema ana swali, kwamba angependa wale wachezaji wawili wauonyeshe mchezo wao ili sote tujifunze. Ogola hakuweza kukataa mbele ya watu. Nikasimama, nikapanga kete, nikaucheza mchezo mzima kwa kichwa bila daftari, hatua ya kwanza hadi ya thelathini na moja, pande zote mbili, nikieleza kila hatua mwenzangu alitaka nini na mimi niliogopa nini. Nilipofika kwenye ngome nikasimama. Nikasema hapa ndipo nilipokufa. Nikaonyesha nilivyopaswa kumsogeza yule askari, na kwamba Felix hangekuwa na la kufanya. Nilisema pia kwa nini nilikula: kwa sababu mimi ni mtu wa drafti, na kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Hakuna aliyecheka. Ndipo Mama Gati akamgeukia Felix, kwa upole kabisa, kama anampima kola.

"Mwanangu, na wewe kwa nini uliiacha ile ngome pale?"

Felix alimtazama mjomba wake, akatazama chini. Alikuwa kijana mkweli, na namheshimu hadi leo.

"Sikuiona, mama," akasema.

Aliyeshinda hakujua kwa nini ameshinda, na aliyeshindwa angeweza kukionyesha kidonda chake hadi kwenye mfupa. Ogola akasema ushindi ni ushindi, na kwa hilo alikuwa na haki, sheria niliitamka mimi kwa mdomo wangu. Alibaki na chumba, ufunguo, ubao mweusi, na mbao zote za miraba akazifungia kabatini. Mama Gati alimshukuru, akaaga, akatoka. Sista Awuor akasimama akamfuata. Kisha mwingine, kisha wengine wawili, viti vikikwaruza saruji. Nilihesabu watu tisa barabarani, tukiteremka kuelekea kwenye kibanda cha mabati, na wa tisa alikuwa Felix, amebeba kiti.

Kijana wa tai atasema kwamba mimi ndiye mfano mbaya, mwanafunzi aliyeshindwa siku iliyokuwa na maana. Na aseme. Nimeshinda wengi tangu siku hiyo, na nimefundisha waliomshinda hata yeye na madaraja yake, mmoja wao anauza mitumba. Sijawahi tena kula kitu bila kukitazama, si ubaoni wala kwenye kandarasi, na watu wamenitegea ngome nyingi sana katika biashara hii. Somo linalomfaa mtu ni lile linaloanzia pale yeye alipofia. Mengine yote ni chaki. Mama Gati alifundisha pale kibandani kwa miaka mingi, mbele ya sketi za buluu, na anayesema alikuwa akitazama tu, aje karakana kwangu aketi mbele ya mtu wangu yeyote atakayemchagua.

Ila jioni ile tulipofika kibandani tulikuwa watu tisa na ubao mmoja. Mama Gati alitutazama, akatazama kigoda, akaanza kucheka, mara ya kwanza nimwone akicheka kwa sauti. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kazi ya mdomo wangu na mkono wangu. Jumatatu asubuhi niliiuza baiskeli yangu kwa jirani muuza viatu, nikaenda Kisumu, nikarudi na mbao nne na kete zake kamili ndani ya gunia. Kula ile ngome, nauli ya kwenda na kurudi ikiwemo, kulinigharimu shilingi elfu mbili mia sita na hamsini.